Ndugu yako yuko kwenye dozi ya methadoni na anameza Valium? Pita huku

#1 Dirisha la Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi upande wa dawa kwenye kliniki mojawapo ya methadoni hapa Dar. Sitaitaja, na anayenijua naomba anifichie. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila akifa mtu wa kliniki usingizini, hukumu ya mtaa inatoka kabla ya maziko: methadoni imemmaliza. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na nini mfukoni. Ukidadisi unaambiwa kulikuwa na karatasi ya Valium, vile vidonge vya kutuliza na kulaza, vimebaki viwili au vitatu.

Kwa wasiojua, methadoni ni sirapu anayopewa mraibu wa heroini ili arosto (mateso ya mwili ukikosa dawa) isimrudishe maskani. Ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoani, Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingine. Kwa kawaida mteja anakuja kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, anakunywa mbele yetu. Akishameza tunamsemesha. Wengine wanadhani ni uchangamfu, kumbe tunataka tujue mdomo umebaki mtupu. Na tunamtazama vizuri, maana aliyekuja na vidonge kichwani anajulikana kwa anavyoshika kikombe: anakikosa, anakilenga tena, ulimi mzito, miguu haielewani. Huyo hatumpi dozi yake saa ileile. Anakaa benchi mpaka daktari amwone. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana yeye anaona amenyimwa haki yake mbele za watu.

Sasa kwa nini tunamkalisha.

Kwenye shina la ubongo, kule chini kuelekea shingoni, kuna sehemu inayosimamia kupumua bila wewe kufikiri. Methadoni, kama dawa zote za ukoo wa afyuni, inaifanya sehemu hiyo isishtuke sana hewa chafu inapojaa kwenye damu. Aliyeizoea dozi yake anamudu. Valium na nduguze (lorazepamu, klonazepamu, alprazolamu, zote zinaitwa benzodiazepini) zinapita mlango mwingine. Zinaipa nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA ambayo kazi yake ni kutuliza. Wasiwasi unashuka, misuli inalegea, ya koo ikiwamo, na mtu anazama usingizini kiasi kwamba hata hewa ikimpungukia mwili haumwamshi. Valium peke yake mara chache inamuua mtu mzima mwenye afya. Methadoni peke yake, kwa aliyeizoea, vivyo hivyo. Kondakta akisinzia daladala itafika Mbagala, ila wakisinzia yeye na dereva mtaisikia kwenye taarifa ya habari.

Halafu kuna suala la muda, na hili ndilo linalowapumbaza wengi nyumbani. Mtu anakunywa dozi saa mbili asubuhi, anameza vidonge vyake saa nne, mchana anakula na kupiga stori. Familia inasema hakuna neno. Lakini kwa wengi methadoni inachukua saa 24 hadi 36 ndipo nusu yake itoke mwilini, na kwa wengine zaidi. Diazepamu, ambayo ndiyo Valium yenyewe, ni saa 20 hadi 50, na ini likishaivunja linazaa kitu kingine chenye kazi ileile kinachoweza kuchukua hadi saa 100. Kwa hiyo cha leo kinakikuta cha jana na cha juzi. Hatari inakuja usiku, taa zimezimwa na hakuna anayemtazama.

Wiki mbili za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Tunaanzia miligramu 20, hazivuki 30, halafu tunapanda taratibu mpaka kwenye 60 hadi 120 ambako wengi ndiko inakowashika. Siku ya tatu au ya nne mteja anaona bado, anaongezea kidonge cha dukani. Hajui kwamba zile dozi za siku zilizopita bado zinajikusanya mwilini mwake.

Ombi langu kwa familia ni hili. Mkikuta vidonge, msifiche, na msimwachishe kliniki kama adhabu. Akitolewa kwenye dozi anarudi kwenye unga, na unga hauna kipimo. Njooni navyo dirishani.

Maswali karibuni. Wenye matusi jukwaa la siasa liko wazi saa 24.

#2 Mzee wa Kijiwe

Mwanzisha mada umeandika vizuri lakini mnazunguka. Hao mmewatoa kwenye unga wa kete mkawapa unga wa chupa. Mtu ni yuleyule, mateja ni walewale. Sasa wamepata na Valium. Wapelekwe JKT wakalime.

#3 Teja_mstaafu

Mzee wangu shikamoo. Mimi ndiye unayemsema. Niko kwenye dozi, nina mke, nina banda la kuziba pancha, na mwanangu anakwenda shule. Nikiwa na ngada (heroini) nilikuwa naamka nawaza nimwibie nani. Tofauti naijua mimi na majirani waliokuwa wanaanua nguo zao wakiniona.

Kuhusu Valium ngoja niseme wasiyoyasema kliniki. Methadoni haikupi stimu. Ikishakukaa sawa unabaki na kichwa chako kitupu, na mambo yote uliyokuwa unayazima kwa ngada yanakuja kwa pamoja. Aliyekufa ulimwacha akafa. Friji la mama uliliiba ukaliuza. Usiku hulali. Mtu wa maskani anakwambia meza mbili hizi, zinaipandisha dozi. Na kweli zinaipandisha, unakuta kitu kinachofanana na zamani. Ndiyo maana watu wanarudia. Wengine hawatafuti stimu, wanatafuta kulala tu. Wale wa kulala ndio wengi kuliko mnavyodhani.

Ukimwambia nesi huwezi kulala, ukibahatika kupata anayesikiliza unakaa naye vizuri. Ukikutana na mwenye haraka anakujibu "punguza mawazo". Duka la dawa halikuambii upunguze mawazo, linakuuzia.

#4 Dirisha la Pili

Mstaafu, hilo la mwisho liandikwe ukutani. Diazepamu kisheria ni dawa ya cheti. Mwenye duka anayeitoa kwa kuonyeshwa noti hajamsaidia mtu kulala, na hana habari kwamba asubuhi ileile mteja wake alikunywa miligramu 90 za methadoni. Kitabu chetu hakikioni chake, na chake, kama anacho, hakikioni chetu. Anayejua yote mawili ni mteja peke yake, naye ana sababu ya kunyamaza pande zote mbili.

#5 mama_Kibada

Mimi si mtu wa kuandika sana humu lakini hili limenigusa.

Kijana wangu alirudi kliniki akalala kwenye kochi. Akaanza kukoroma. Baba yake akasema mwacheni, siku nyingi hajapata usingizi. Mdogo wake wa kike ndiye aliyekataa. Alisema huu mkoromo si wa kaka. Unapanda, unakata, kimya, halafu unarudi kwa kukwaruza kooni. Tukamwita, haitiki. Nikamfinya sikio, akafungua jicho nusu akalifunga. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Jirani mmoja kaleta maziwa, mwingine anataka tummwagie maji. Yule binti akawafukuza wote, akamlaza kaka yake ubavu, tukatafuta bajaji.

Hospitali walimchoma sindano akaamka palepale, tena kwa matusi, anataka kwenda nyumbani. Sisi tukajua yamekwisha. Nesi akakataa katakata asitoke. Kabla ya magharibi kijana akazama tena, wakamchoma nyingine na kumwekea dripu. Mfukoni tulikuta Valium na vidonge vingine vyeupe havina jina.

Naomba kuelezwa kwa nini sindano ya kwanza haikutosha.

#6 Dirisha la Pili

Mama, shikamoo na pole sana. Binti yako kafanya kazi ambayo wengi wenye vyeti wangeikosea.

Sindano ile kwa kawaida ni naloksoni. Inaisukuma methadoni itoke pale ilipokaa kwenye ubongo, ndiyo maana mtu anaamka ghafla na arosto juu, na ndiyo maana anatukana. Tatizo ni kwamba naloksoni yenyewe inafanya kazi kama nusu saa hadi saa moja na nusu, basi. Methadoni iko palepale, ina siku nzima mbele yake. Sindano ikiisha nguvu, methadoni inarudi kukaa kwenye kiti chake. Huyo nesi aliyemzuia kijana getini ndiye aliyemwokoa mara ya pili.

La pili, naloksoni haigusi Valium hata kidogo. Anaweza kuanza kupumua vizuri na bado akawa amelala fofofo, kwa sababu benzodiazepini ziko mzigoni mwake. Hiyo haimaanishi sindano imeshindwa. Tunachotaka kwanza ni pumzi, kuamka baadaye. Ipo dawa ya kupinga benzodiazepini, inaitwa flumazenili, lakini madaktari wanaiogopa kwa mtu aliyezizoea kwa sababu inaweza kumletea degedege hapohapo kitandani.

Maziwa, maji ya chumvi, kumchoma sindano ya chumvi kama wanavyofanya maskani, kumwogesha kwa baridi: hakuna hata kimoja kinachorudisha pumzi, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia ana 12 hadi 20. Zikishuka chini ya 10, au kucha na midomo vikibadilika rangi, au ule mkoromo wa kukata na kurudi alioutambua binti, hiyo ni safari ya hospitali. Alale ubavu, kichwa kimerudishwa kidogo nyuma ili koo liwe wazi. Akiacha kupumua, mpulizie mdomo kwa mdomo mkiwa njiani, pumzi moja kila sekunde tano au sita. Kwa watu wa namna hii moyo mara nyingi unaendelea kupiga kwa muda baada ya pumzi kukata, kwa hiyo kumpulizia hewa kuna maana kubwa.

#7 Kisauni_mzawa

Uzi mzuri huu. Huku kwetu Mombasa ni hayohayo. Kenya methadoni ilianza Mathari Nairobi mwisho wa 2014, Pwani tukaipata baadaye kidogo. Kakangu yuko humo. Huku vijana tembe wanaziita bugizi, na nyingine ni Rohypnol, zile ambazo ukimtilia mtu kwenye kinywaji hajijui mpaka kesho. Hizo ni kali kuliko Valium, ama nakosea?

Na mimi nauliza hivi: kakangu tukamnyang'anya tembe zote tukazitupa chooni, tukamfungia chumbani ili zimtoke. Siku ya tatu akaanguka, mwili mzima watetemeka, povu. Wazee wakasema ni jini. Alipelekwa hospitali akapona, lakini hakuna aliyetueleza ilikuwa nini.

#8 Daktari_wa_zamu

Nilikuwa nasoma tu, ila kwa swali la Kisauni inabidi niingie.

Hukosei kuhusu Rohypnol. Ni benzodiazepini pia, na miligramu moja yake inabeba kazi ya kadhaa za Valium. Na kaka yako hakuwa na jini. Mwili uliokwisha kuzoea benzodiazepini kila siku kwa muda, ukizikatiwa ghafla, ubongo unabaki bila breki na unaweza kupata kifafa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Watu wanaiogopa arosto ya heroini kwa sababu inatisha kuitazama, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma kama inavunjika, lakini ni nadra kumuua mtu mzima anayepata maji. Ya hizi tembe ndogo inaonekana ya kistaarabu mpaka siku ya degedege.

Kwa hiyo anayezimeza kila siku hazikatwi, zinashushwa. Kwa kawaida daktari anamhamishia kwenye diazepamu yenyewe kwa sababu inakaa muda mrefu mwilini, anampa kidogokidogo, ikiwezekana palepale dirishani pamoja na methadoni, na anapunguza kwa wiki hadi miezi. Ndiyo, mmesoma sawa, kliniki inaweza kumpa mtu wa methadoni Valium kwa mikono yake. Inapimwa, inajulikana, inaonekana, na kila wiki kuna anayeitazama.

Nigusie na hili kwa sababu najua watendaji wenzangu wanasoma. Agosti 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liwekwe kwenye maelezo ya dawa za ukoo wa afyuni na ya benzodiazepini, kwamba zikichanganywa zinaweza kuua. Kliniki nyingine kule zikaanza kuwafukuza wagonjwa, ukimeza benzo hupati methadoni. Septemba 2017 mamlaka hiyohiyo ikalazimika kutoa taarifa nyingine: msiwanyime methadoni wala buprenofini kwa sababu hiyo pekee, kwa kuwa kumwacha mraibu bila tiba kunaweza kuwa na madhara makubwa kuliko mchanganyiko unaosimamiwa. Hapa kwetu nimeona watu wanaishi bado kwenye onyo la 2016. Wamebandika karatasi mlangoni, "ukikutwa na vidonge unafutwa". Matokeo yake watu wanajifunza kuficha vizuri zaidi.

#9 Mzee wa Kijiwe

Daktari sasa hapo umenipata. Lakini hiyo buprenofini unayoitaja ni nini tena? Nasikia hiyo haiui hata ukinywa kopo zima.

#10 Daktari_wa_zamu

Mzee, ni dawa ya kazi ileile, kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Ina sifa moja nzuri: ikifika kiwango fulani, ukiongeza zaidi haizidi kukandamiza pumzi. Ina dari. Hiyo ndiyo asili ya maneno uliyoyasikia.

Ila dari hiyo ipo ikiwa peke yake. Wafaransa waliiruhusu kwa wingi mwaka 1996, hata daktari wa kawaida wa mtaani akawa anaiandika, na vifo vya heroini vikashuka kwa kasi kubwa. Wakati huohuo maabara za uchunguzi wa maiti zikaanza kukutana na watu waliokufa na buprenofini mwilini, na karibu kila mmoja alikuwa na benzodiazepini pia. Baadhi walikuwa wamesaga vidonge na kujidunga. Dari lilikuwa limeezuliwa. Tena naloksoni kwa buprenofini ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa buprenofini inang'ang'ania, inataka naloksoni nyingi na kwa muda mrefu.

#11 Mbongo_Glasgow

Wakuu nawasalimu kutoka Uskoti. Mnayoyazungumza huku ni maafa ya taifa. Mwaka 2020 walikufa watu 1,339 kwa dawa za kulevya katika nchi yenye watu milioni tano na nusu hivi. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikutwa na methadoni. Magazeti mengine yakapiga kelele kama Mzee wa Kijiwe alivyoanza, methadoni ndiyo muuaji. Lakini karibu theluthi mbili walikutwa na benzodiazepini za mtaani, na wengi sana walikuwa na vitu viwili vitatu kwa pamoja.

Na hizo za mtaani si Valium. Ni vidonge vya bluu, vimepigwa muhuri kama vya kiwandani, ndani wameweka etizolamu au kitu kingine kinachotengenezwa kwenye gereji. Kimoja dhaifu, kinachofuata kwenye mfuko huohuo kinakuangusha. Jamaa anasema "mimi nimezoea kumi", kumbe alizoea kumi za wiki iliyopita.

#12 Kisauni_mzawa

Subhanallah. Na huku twanunua tembe zilizofungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Daktari, asante sana. Nampelekea mama haya maelezo ya kifafa, maana mpaka leo alikuwa akimtafutia kakangu kombe.

#13 Kidumu cha Maji

Mwanzisha mada, mimi nina jambo tofauti kidogo. Mdogo wangu alikuwa ametulia kabisa kwenye dozi karibu mwaka mzima. Akagundulika na TB, akaanzishiwa dawa. Baada ya wiki moja na nusu hivi akaanza kulalamika kwamba methadoni haimshiki. Miayo, kamasi, jasho usiku, miguu haitulii. Alipoenda kusema akaambiwa anatafuta kuongezewa. Sasa nimekuta ana Valium. Anasema bila hizo hafiki asubuhi. Ni mjanja au kuna ukweli?

#14 Dirisha la Pili

Kidumu, swali lako lingestahili uzi wake. Kuna ukweli, tena mkubwa.

Kati ya dawa za TB iko rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Rifampisini inaliamsha ini likaanza kuvunja dawa nyingine kwa kasi, na methadoni ni ya kwanza kuumia. Kiwango kwenye damu kinaweza kushuka hata chini ya nusu ya kilivyokuwa. Mdogo wako anakunywa kikombe kilekile lakini kinachomfikia ubongoni si kilekile. Miayo na kamasi si maigizo, hiyo ni arosto halisi, na siku alizozitaja zinalingana kabisa na muda ambao ini huchukua kubadilika.

Sasa angalia mtego ulipo. Methadoni imeshuka, hajaongezewa, akakimbilia Valium. Rifampisini inaivunja Valium nayo kwa kasi ileile, kwa hiyo viwili havimtoshi, anameza vinne, baadaye sita. Anazoea vingi. TB inatibiwa miezi sita na rifampisini ipo mpaka mwisho. Siku anamaliza kila mtu anashangilia. Ini linarudi taratibu kwenye mwendo wake wa zamani ndani ya wiki mbili hivi, na hapo methadoni inapanda, Valium inapanda, huku yeye akiendelea na idadi ileile ya vidonge na dozi iliyokwisha kuongezwa. Hakubadilisha chochote, na bado anaweza asiamke. Mimi huwa nawaogopa waliomaliza TB kuliko wanaoianza.

Kesho nenda naye. Beba kadi ya TB na dawa zote anazotumia, hata za Kisuna na za kienyeji. Usiseme "dozi haimshiki", hiyo sentensi wanaisikia kutwa nzima. Sema "ameanza rifampisini tarehe fulani, na dalili zilianza tarehe fulani". Wataipandisha methadoni kwa hatua, Valium wataishusha kwa mpango, na waandike kwenye faili tarehe ya kumaliza TB ili mtu akumbuke kuishusha methadoni tena.

#15 Bint_Ngambo

Asalaam aleikum. Na wale wa VVU je? Shoga yangu yuko kwenye methadoni Kidongo Chekundu hapa Zanzibar na anakunywa ARV. Zamani alikuwa anasumbuka sana, sasa katulia.

#16 Dirisha la Pili

Waaleikum salaam dada. Zamani huenda alikuwa kwenye efavirenzi au nevirapini. Zote mbili zinaishusha methadoni kama rifampisini, ingawa rifampisini ndiyo mkorofi zaidi. Dolutegraviri wanayopewa wengi sasa haina ugomvi na methadoni. Dawa za kifafa ziangaliwe vilevile: kabamazepini, fenitoini na fenobabito zinaishusha, na fenobabito juu ya hapo inasinzisha, kwa hiyo inabeba sehemu ya hatari ya Valium kwa jina jingine.

#17 Teja_mstaafu

Mkuu tuambie basi sisi tusiolala tufanye nini. Duka moja liliniambia niache Valium nichukue Phenergan, eti hiyo ni ya mafua haina shida. Mwingine amitriptilini. Mwingine kanipa pregabalini, anasema ni ya mishipa.

#18 Daktari_wa_zamu

Zote tatu zinasinzisha, na zote tatu ukizirundika juu ya methadoni zinasogea upande uleule wa Valium. Pregabalini na nduguye gabapentini zimeshatolewa onyo la pumzi na Marekani mwaka 2019. Phenergan na amitriptilini zina la ziada: methadoni yenyewe inaweza kuvuruga mapigo ya umeme wa moyo, na hizo nazo zina tabia hiyo. Ndiyo maana ukiwa kwenye dozi kubwa unaombwa kipimo cha ECG. Pombe usiniulize, iwe ya chupa au gongo, ni ndugu wa damu wa Valium.

Kukosa usingizi kwa mtu wa methadoni kuna sababu tofauti, na tiba inafuata sababu. Mwingine dozi ni ndogo, anaamka saa tisa usiku na jasho, huyo anahitaji dozi na si kidonge cha usingizi. Mwingine ana sonona au mambo ya zamani yanayomrudia, kama ulivyoandika pale juu vizuri kuliko vitabu vyetu. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye, na zipo dawa za sonona zisizolevya, ila zichaguliwe na anayejua kwamba uko kwenye methadoni. Mwingine anatafuna mirungi mpaka saa sita halafu analalamika hapati usingizi. Tusaidiane hapo.

#19 mama_Kibada

Nimechukua maelezo yote nimempa binti ayaandike kwenye daftari. Swali langu la mwisho: kijana akikosa kliniki siku kadhaa, tukisafiri msibani tuseme, akirudi anakunywa kama kawaida?

#20 Dirisha la Pili

Hapana mama, na hili asilifiche. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi mwili unaanza kuisahau dozi, na ile iliyokuwa yake inaweza kuwa kubwa kwake. Kliniki itaishusha halafu impandishe upya. Watu wa msibani mara nyingi wanajitibu arosto kwa Valium na pombe, wakirudi wanadai hawakukosa, wanapewa kikombe kamili. Kabla ya safari mje kuuliza. Kama mnakokwenda kuna kliniki, anaweza kuandikiwa barua akanywe huko.

#21 Kidumu cha Maji

Mrejesho wakuu. Nimempeleka leo. Niliposema rifampisini yule dada wa dirishani alimwita daktari mwenyewe. Wameongeza kidogo, wanamwona tena wiki ijayo, na Valium amekubali kuzileta zote, atakuwa anapewa palepale kwa kupunguza. Alilia, lakini alikubali. Sasa hospitali ya TB wamempa pia flukonazo kwa ajili ya fangasi mdomoni. Nayo ina shida?

#22 Dirisha la Pili

Ina shida, lakini ya upande wa pili. Flukonazo inalizuia ini, kwa hiyo methadoni na diazepamu zinapanda badala ya kushuka, na moyo wake nao unaangaliwa kama alivyosema daktari. Kwa kuwa yuko na rifampisini, moja inavuta huku nyingine kule, na hakuna anayeweza kukisia atakaa wapi bila kumtazama. Rudi kesho asubuhi na hiyo karatasi ya flukonazo, waonyeshe kabla hajanywa kikombe. Na usiku wa leo asilale chumba cha peke yake.